Liki za Bi. Hepple

Watu wa Harrowburn walisema Norman Hepple alizaliwa na mkono wa liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu. Walilisema hilo kila Septemba kwenye mashindano ya liki kilabuni, liki zake zilipolazwa mezani, mashina meupe manene kama mkono wa mchimba makaa, majani yakiangukia pande mbili. Zikishinda, Norman huinuka, hushika kifua, hushukuru, hukaa. Mkewe Winifred hakuwapo kusikia. Wanawake hawakuruhusiwa ukumbini mpaka mashindano yaishe na muziki uanze.

Lakini Norman alikuwa hajashika jembe tangu vumbi la makaa limwingie mapafuni. Hukaa kitini mlangoni mwa kibanda cha zana, blanketi magotini, akiitafuta pumzi. Aliyechimba mtaro ni Winifred. Aliyezoa samadi ya farasi wa mgodini kwa toroli ni Winifred. Asubuhi za baridi ni yeye aliyepiga magoti kwenye tope akiyafuta majani moja moja kwa kitambaa. Kila mwenye kipande cha ardhi katika bustani za kijiji alimwona. Cuthbert Tulip, mwenyekiti wa kamati ya bustani, kipande chake kilipakana na chao. Alimwona kila siku juu ya ua wa mpakani, na zaidi ya mara moja aliomba miche yake akapewa.

Norman alifariki Julai. Kaburi halijaota nyasi, Cuthbert akaja bustanini na kofia mkononi. Alimkuta Winifred akifunga maharage kwenye miti.

"Pole sana, Win. Norman alikuwa mtu wa watu."

"Asante. Nishikie huo upande wa kamba."

Akaushika. "Kamati ilikaa jana."

"Ilikaa kwa lipi?"

"Hiki kipande. Mwenyewe akifa kinarudi kwa kamati. Ndiyo taratibu."

"Mwenyewe ndiye huyu anafunga maharage."

"Jina ni la Norman, Win. Hajawahi kuandikwa mwanamke hapa. Si mimi niliyeyatunga hayo."

"Kinakwenda kwa nani?"

Cuthbert akayatazama mabuti yake. "Kwa Derek wangu."

Derek alikuwa mkwe wa Cuthbert, kijana aliyeshindwa hata na viazi.

"Hatuna roho mbaya," Cuthbert aliendelea. "Kaa mpaka mwisho wa Septemba. Maharage yako, viazi vyako, chukua vyote."

"Na liki?"

"Liki, bibie, tunaona Derek azipeleke mashindanoni. Zisipotee bure."

Winifred aliivuta kamba kwa nguvu ikamchomoka Cuthbert kiganjani. Kwa hasira aliyokuwa nayo, alijua akifungua kinywa atalia, na machozi yake hakutaka huyu bwana ayaone.

Jioni dada yake Olive alimsihi. "Nyamaza tu, Win. Hawa ndio tunaoishi nao."

"Nimenyamaza miaka yote hii. Kunyamaza kwangu ndiko kulikompa Norman vikombe."

Kutwa aliyabishania moyoni maneno ya Cuthbert: akiosha vyombo, akianika nguo, akiwa kanisani. *Zisipotee bure.* Kama kwamba zilijiotea zenyewe. Hata Norman alimkasirikia, marehemu wa watu, kwa shukrani zote zile alizozitoa bila kumtaja.

Asubuhi ya mashindano alimtangulia Derek. Alizing'oa liki polepole asivunje mzizi, akaziosha, akazilaza juu ya mto ndani ya kigari kikuukuu cha mtoto, akakisukuma kwenye barabara kuu mpaka kilabuni. Cuthbert alikuwa mlangoni, amevaa suti.

"Nataka nafasi mezani," Winifred alisema. "Kwa jina langu."

"Win, usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Wewe ulinifanyia pasipo na watu. Ndiyo maana uliona rahisi."

Wanaume walianza kutoka na bia zao. Cuthbert akashusha sauti. "Tuziingize kwa jina la Derek. Halafu nitatangaza kwamba ulisaidia kuzitunza."

"Nilisaidia?"

"Nitalisema kwa heshima zote."

Winifred aligeuza kigari. Nyumba ya Olive ilikuwa ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na kilabu. Alimgongea, akaomba meza, ubao na kisu, akaviweka nje kwenye njia ya miguu. Akaichukua liki nene kuliko zote na kuikata katikati.

Sauti ilitoka kwa wale wanaume kama ya watu walioona ajali. Liki za mashindano haziliwi. Hutazamwa, hupimwa, husimuliwa. Mzee mmoja alivua kofia kama yuko mazishini.

"Mama, hizo zilikuwa za ushindi," alisema.

"Sasa ni za kula."

Aliendelea kukata, machozi yakimtiririka, na hakuyafuta. Olive alisimama kidogo akiwa hajui la kufanya, kisha akaingia ndani akaleta unga wa ngano na mafuta ya ng'ombe. Jirani wa pili alileta sufuria. Wa tatu alivuta kiti akaanza kukanda. Walizifunga liki ndani ya unga uliokandwa, wakazitia vitambaani na kuzichemsha kwenye majiko ya mtaa mzima, na harufu ikaingia ukumbini kwenye hotuba ya Cuthbert. Mtaa ulikula. Winifred mwenyewe hakuonja.

Kipande kilikwenda kwa Derek vilevile. Liki zake zilishikwa na ugonjwa wa kutu majanini mwaka wa kwanza, na wa pili pia.

Winifred alipata ardhi Stobwell, kijiji jirani, ambako kamati ilitamani mno kuwashinda Harrowburn hata ikamwandika bila kuuliza ni mke wa nani. Ilikuwa ardhi ya mfinyanzi, ya kuanza upya kwa samadi na mgongo wa mtu mzima. Ilimchukua miaka. Kisha vijiji viwili vikashindana, na liki za W. Hepple zikashinda.

Cuthbert alimfuata mezani, amezeeka, akimnyooshea mkono.

"Umeshinda kihalali, Win. Tuyasahau."

"Uliyafanya mwenyewe, Cuthbert," alisema. "Yakumbuke."

Winifred aliiacha mikono yake ndani ya mifuko ya aproni, akamwita Olive wakapange liki kwenye sanduku.