Kofia Ishirini na Tatu

Kiongozi wa wazee wanaokuja kuutazama mji wa Xi'an huhesabu kofia. Humvisha kila mzee kofia nyekundu, kisha huinua kibendera chake, na kidole gumba hupita kimyakimya juu ya pingili za vidole: langoni mwa ukuta wa kale, mlangoni mwa treni ya chini ya ardhi, hata chooni. Sauti imemkauka kwa kuita, na chupa yake ya chai ya maua haifunguliwi mpaka hesabu ya ishirini na tatu itimie.

Juzi, juu ya ukuta, ilitimia. Alikuwa keshafungua chupa alipomsikia Bibi Qiao, ambaye mumewe husahau hata jina lake mwenyewe, akifoka: "We mzee, mbona leo mkono wako laini hivi?"

Aliyeshikwa mkono akacheka. "Mama, mimi natoka Lanzhou. Nimefuata kofia tu!"

Wazee wengine wakaangua kicheko, lakini kiongozi hakucheka. Chini, basi la watu wa Lanzhou lilikuwa likinguruma, kila dirisha kofia nyekundu. Aliteremka ngazi mbio, akaingia, na kwa mara ya kwanza siku ile akazitazama nyuso, moja baada ya moja, hadi kiti cha mwisho. Mume wa Bibi Qiao alikuwa akila mkate wa nyama.

"Umechelewa, mwanangu," akamwambia. "Nimekuwekea nafasi."

Kiongozi akaketi hapo. Akaushika mkono wa mzee, akavihesabu vidole hadi vitano, akaanza tena.