Geresom na Seva Zilizojidhamini

Katika ghala la dawa la misheni, pale Jinja, hapakuwa na mtu mpole kuliko Geresom Mugweri, wala aliye mgumu kuzuilika akishaamua jambo. Alianza kwa kubeba masanduku ya chanjo, akajifundisha kompyuta kwa kusoma vitabu vya maelekezo ambavyo sisi wengine tulivitumia kuzuia milango isibamizwe na upepo. Nami nilikuwa karani wa chumba cha pili, na nilimzoea akizisemesha seva zake mbili, ya barua na ya maagizo, kwa sauti ile ile aliyowasemeshea mbuzi wake.

Mkurugenzi wetu, Bwana Aloysius, alikuwa amezinunulia seva hizo vyeti vya usalama kutoka ng'ambo. Cheti cha namna hiyo ni mdhamini: tawi la Mbale likiita kwa waya wa simu, seva hukionyesha, na kompyuta ya Mbale ikajua kuwa haizungumzi na tapeli. Bwana Aloysius alivitunza kama suti ya harusi. Mwaka 1999, akienda mkutanoni Nairobi kwa wiki mbili, alituaga hivi: "Atakayevigusa, nisimkute hapa nikirudi."

Siku ya tatu muda wa vyeti ukaisha. Kompyuta ya Mbale ikakataa kutuma agizo la chanjo, nalo lilipaswa kutufikia Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Likikosa, gari la masanduku ya baridi lingeondoka bila fungu la Mbale, na watoto wa huko wangengoja mwezi mzima.

"Seva hizi zina vyeti vyao vya asili," Geresom aliniambia Alhamisi. "Zilijiandikia na kujitilia sahihi siku zilipowashwa. Nazirudishia."

"Tangu lini mtu akajidhamini mwenyewe?"

"Ndugu yangu, Adamu alidhaminiwa na nani?"

Akazirudishia. Ila cheti cha kujitilia sahihi hakina shahidi. Kila kimoja kina alama yake, safu ndefu ya tarakimu na herufi, na ilibidi aliyeko Mbale ailinganishe na ile iliyonakiliwa Jinja. Nikamshauri aisome kwa simu. "Anayeweza kujifanya seva kwenye waya ule," akanijibu, "hashindwi kujifanya Geresom." Ijumaa alfajiri akatia mfukoni karatasi aliyonakilia alama zote mbili, akaondoka kwenda Mbale.

Kwenye kizuizi cha askari barabarani, mbele kidogo ya Bugembe, Sajini Ouma alimpekua, akaipata.

"Hii siri ya nani?"

"Si siri, afande. Ni alama za kompyuta."

"Nani alisaini?"

"Zimejisaini zenyewe."

Afande akamtazama kwa huruma. "Mzee, kama mtu najiandikia barua ya LC, ile ya mwenyekiti wa mtaa, yeye mwenyewe, mimi nafanya nini na yeye?"

"Unamfunga, afande."

"Sasa wewe nataka mimi nifunge kompyuta?"

"Nataka uje uipekue."

Zamu ya afande ilikuwa imekwisha, na nyumbani kwake kulikuwa Namakwekwe, huko huko Mbale. Akaitia karatasi katika mfuko wake mwenyewe, wakaenda pamoja.

Nabalayo, mtunza kompyuta wa tawi, alikuwa akitazama saa walipoingia. Akaiona bunduki ya afande. "Mzee Geresom, wamekukamata au umewakamata?"

Afande hakucheka. Alivuta kiti, akaiweka karatasi gotini. "Mama, soma."

Nabalayo akasoma alama iliyo kwenye kioo, naye afande akaifuata kwa kidole, kama alinganishavyo namba ya gari na kadi yake. Mara mbili aliamuru arudie. Seva ya kwanza ikapita. Kwenye ya pili, akafika katikati, akainua mkono.

"Simama."

Afande akalifuta tone la jasho lililoangukia karatasi. "Haya, endelea."

Saa sita kasoro dakika nane, agizo likaondoka. Geresom akamwomba afande neno moja la ushahidi, naye akaandika chini ya zile safu: *Nimepekua. Ziko sawa. Zipite.* Akatia jina, namba na cheo.

Bwana Aloysius aliporudi, hakuchukua nusu saa kugundua. "Nani amezidhamini seva zangu?"

Geresom, ambaye alikwisha kupanga kikombe chake na vitabu vyake katika sanduku tupu la chanjo, akamwekea karatasi mezani. Bwana Aloysius aliisoma amesimama, kisha akaisoma ameketi. Watu wa rika letu, tukisikia Kiswahili cha askari wa vizuizi vya barabarani, tulipapasa vitambulisho kwanza, maswali baadaye.

"Huyu sajini," akasema taratibu, "atarudi?"

"Amesema atakuwa akizikagua, bwana." Na ilikuwa kweli, maana chai ya Nabalayo ilikuwa imempendeza mno.

Mkurugenzi akaikunja karatasi kwa adabu, akamrudishia. "Basi zibaki hivyo. Mpaka afande atakaporuhusu vinginevyo."

Geresom akainama, akatoa kikombe chake sandukuni, akaniuliza kama maji yamechemka.