Ziwa la Kirigia

Kirigia alikuwa afisa wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani na sanduku la mawe ya shaba, kuhakikisha kilo ya sukari ni kilo kweli, na miaka yote aliyofanya kazi kule Nkubu hakuna mwenye duka aliyemshinda kwa maneno. Ukimwambia mizani yako iko sawa, anakuuliza, "Nani amesema?" Ukimwambia mvua inanyesha, anatoa kwanza kiganja dirishani.

Alikuwa na wiki tatu tu tangu ahamishiwe Isiolo alipotumwa Kulamawe kukagua mizani za huko. Dereva wake alikuwa Huqa, Mborana aliyezaliwa upande huo huo. Ilikuwa saa saba mchana, jua limekaza, na Kirigia akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Huqa! Hilo ziwa linaitwaje?"

"Ziwa gani, mzee?"

"Hilo hapo mbele. Si unaona ngamia wanakunywa!"

Huqa akatazama, akapiga miayo. "Hapo hakuna maji, mzee. Hiyo ni jua."

"Ngamia wanakunywa jua?"

Huqa akacheka mpaka gari likayumba. Kirigia hakupenda kuchekwa. Aliamuru gari lisimame, akashuka, akapiga picha tatu kwa simu. Picha zikatoka safi: maji meupe yanayometameta, ngamia wanne, na chini ya kila ngamia mwenzake amesimama kichwa chini miguu juu.

"Mimi naweza kudanganyika," akasema, akimsukumia Huqa simu. "Lakini simu?"

Huqa alikuwa amefunga Ramadhani, naye hakutaka kumaliza mate kwa ubishi. Akawasha gari. Kirigia hakushangaa kwamba hawakulifikia lile ziwa. Alijua ni barabara iliyokuwa ikilikwepa.

Jioni alituma picha kwenye kikundi cha familia, akaandika: "Ziwa kubwa, na hakuna hata mvuvi mmoja." Mkewe, Kajuju, alijibu kwa kumkumbusha anywe dawa ya presha. Lakini kaka yake Kajuju, M'Ikiara, aliyefuga samaki, hakujibu kitu. Alhamisi asubuhi aliegesha pikapu mbele ya nyumba ya Kirigia pale Isiolo, nyuma kukiwa na mapipa mawili ya vifaranga vya samaki, mia tano kila moja.

"Shemeji, vidimbwi vyangu vimejaa. Nionyeshe hayo maji."

Huqa alikuwa mapumzikoni, lakini alivyosikia safari yenyewe ni ya nini, alijitolea mwenyewe kuwaonyesha njia. Walipofika kwenye uwanda, ziwa lilikuwepo, pana kuliko siku ile. M'Ikiara akapiga usukani kofi la furaha, akaacha barabara. Walilifukuza ziwa lile kilomita kumi na mbili. Kila walipofika ukingoni walikuta mawe na majani makavu, na ziwa limesogea mbele kidogo, limetulia, linawangoja. Katikati ya viti, Huqa alikuwa amejiziba mdomo kwa shuka, mabega yanatikisika.

Mwishowe M'Ikiara alisimama, akaenda kuchungulia mapipa. Alirudi uso umebadilika.

"Shemeji, samaki wanahema."

Hapo Huqa aliacha kucheka. Kulikuwa na shule ya msingi karibu, akasema, yenye tangi la saruji la kumwagilia bustani. Wakaenda mbio, vumbi likiwafuata.

Mwalimu Karwitha, Mmeru mwenzao, alisikiliza hadithi yote akiwa ameshika chaki. Kisha akainama, akashika magoti, akacheka.

"Hayo ni mazigazi, mzee!"

Kirigia alishtuka. Neno hilo alilijua. Akiwa darasa la saba aliliandika kwenye insha: "Tulisafiri jangwani huku mazigazi yakikimbia mbele yetu." Mwalimu alimpigia alama ya vema kwa wino mwekundu, akaisoma mbele ya darasa. Miaka hiyo yote Kirigia alidhani mazigazi ni wanyama wa aina ya swala.

"Na simu yangu je?" akauliza, sauti imepungua. "Nayo imeota?"

"Haijaota. Mwanga unatoka mbinguni kweli, ukikuta hewa ya chini imechemka unapinda, unakuja kukuingia machoni kama umetoka ardhini. Kile umeona ni mbingu, mzee. Umeipiga picha vizuri sana."

Kirigia akazifungua tena zile picha, akazitazama moja moja.

Vifaranga vilimwagwa tangini taratibu, ndoo kwa ndoo. Wengi walizama wakaanza kuzunguka. Shule nzima ilitoka. Watoto wengi walikuwa hawajawahi kuona samaki hai, na msichana mmoja mrefu akataka kujua kama wanalala, na kama wanalala, wanafumba macho? M'Ikiara, aliyekuwa amepanga kumsema shemeji yake njia nzima ya kurudi, alipanda juu ya ukingo wa tangi, akajibu. Akaulizwa lingine, akajibu. Wakauliza wanakula nini, wanazaaje, nani anawachunga.

Kirigia alimvuta M'Ikiara mkono wa shati mara mbili. "Twende, jua linazama."

"Ngoja kwanza, shemeji," M'Ikiara akasema bila kugeuka. "Hawa wananiuliza maswali ya maana."

Huqa alifungulia saumu pale pale shuleni, kwa tende alizopewa na mlinzi.