Glenys na Chatu Mchagua Panya

Glenys Polkinghorne alikuwa na saluni mjini Kadina, huko South Australia, katika chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Mtaani kwake hapakuwa na kichwa cha mwanamke mtu mzima ambacho hakikuwahi kupita mikononi mwake. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Kitu kimoja tu kilimkosesha raha: mtu kukataa chakula alichoandaa yeye. Mumewe alikuwa hali bitiruti. Waliachana. Watu wanasema sababu ilikuwa nyingine, lakini Glenys mwenyewe akiulizwa hutaja bitiruti.

Sasa, mdogo wake, Lindsay, akapata kazi kwenye mgodi huko kaskazini. Akaja kuaga akikokota trela, na juu ya trela sanduku la kioo lililofungwa kamba. Ndani alilala chatu mwenye mabaka, mnene kama kifundo cha mkono wa Glenys, ameuweka uso kama hakimu aliyeamshwa usingizini.

"Dada, nishikie Clarrie kidogo tu, mpaka nipate nyumba."

"Huyu anakula nini?"

"Panya."

"Panya wa namna gani?"

"Panya ni panya, dada! Huyu ni nyoka, si bwana arusi."

Akamwachia mfuko wa panya wa barafu, akambusu shavuni, akaondoka mbio kama mtu aliyetua mzigo.

Glenys akawapanga panya wake kwenye friza, kati ya njegere na aiskrimu. Jioni akayeyusha mmoja, panya mkubwa mweupe, akamshika mkia kwa koleo la jikoni na kumning'iniza mbele ya Clarrie. Clarrie akatoa ulimi. Akaurudisha. Akageuka, akamwonyesha mgongo.

"Labda ni mkubwa mno," Glenys akajiambia. Akanunua vichanga vya panya, visivyo na manyoya, vidogo kama kidole gumba. Clarrie akakitazama kimoja kama mtu mwenye njaa aliyeletewa njugu moja kwenye sahani. Glenys akajaribu panya mweusi. Akajaribu kifaranga. Akachukua panya mwingine mweupe, akamsugua kwa supu ya kuku, supu nzuri yenye vitunguu na jani lake la kunukia. Clarrie akaingiza kichwa chini ya bakuli lake la maji na kubaki huko.

"Supu hiyo nimeipika mimi!" Glenys akamfokea. "Watu wanakuja kutoka Wallaroo kuinywa!"

Kesho yake hakuwa na hali. Akaenda kwa Rodney Schirmer, mwenye duka la chakula cha mifugo, bwana mrefu mpole aliyezungumza na binadamu vilevile alivyozungumza na kasuku, polepole na kwa kurudia. Akamweleza mkasa wote wa Clarrie.

"Kwanza usiogope, mama. Ni baridi sasa, na dume wakati huu huweza kukaa muda mrefu bila kula asidhurike. Anakonda?"

"Hakondi. Ananidharau."

"Haya. Kwanza ukubwa. Mtazame pale alipo mnene kuliko pote. Panya wako awe na unene huohuo, au azidi kidogo. Vichanga hivyo achana navyo, havimtoshi hata kuonja."

"Nimpe aliye hai?"

"Thubutu! Panya hai ana meno. Atamng'ata Clarrie, uje ulie hapa. Mpe wa barafu, lakini ayeyuke mpaka ndani, kisha umpashe moto, hasa kichwani. Chatu anatafuta joto, mama. Panya wa baridi kwake ni soksi."

"Soksi," Glenys akarudia, na moyo ukamlainika. Kumbe muda wote huo alikuwa akimwandalia mgeni soksi.

"Na rangi je?"

Rodney akajikuna shingo. "Wengine wana mambo yao. Chukua na hawa wenye madoa, ujaribu."

Alhamisi iliyofuata Glenys akamweka panya mmoja mwenye madoa ya kahawia na meupe ndani ya mfuko wa plastiki, akamtumbukiza kwenye maji ya moto. Wakati huohuo saluni ilikuwa na watu. Bibi Beryl Nankivell, mpiga kinanda wa kanisani, alikuwa na rola kichwa kizima chini ya lile draya kubwa la kusimama. Thelma, jirani, alisubiri zamu yake huku akila pasti, andazi kubwa lililojazwa nyama na viazi. Glenys alipokwenda kumtazama panya akakuta mfuko umevuja. Panya amelowa chapachapa, manyoya yameganda, na ubaridi umemrudia.

Akasimama, akafikiri. Kisha akachukua draya la mkono, akamlaza panya juu ya taulo nyuma ya pazia, akaliwasha draya.

"Glenys!" Beryl akaita kwa sauti kubwa, maana masikio yake yalijaa upepo. "Una mteja mwingine huko nyuma?"

"Eeh... ndiyo."

"Nani?"

"Humjui."

"Kadina hii? Mimi nisimjue?"

Thelma akanyoosha mkono akavuta pazia. Pale alikuwa Glenys, draya mkono wa kulia, brashi ndogo ya duara mkono wa kushoto, na mbele yake panya chali.

"Shoga," Thelma akasema taratibu, "huyo ni panya."

"Najua ni panya, Thelma."

"Unamkausha nywele."

"Nampasha moto. Ni chakula cha Clarrie."

"Na brashi?"

Glenys akaitazama brashi kama kitu alichobambikiwa na polisi. "Mazoea," akasema.

Beryl alikuwa amejitoa chini ya draya, rola zikimning'inia, akaja kuinama juu ya taulo. Glenys akangoja kelele. Beryl akavaa miwani.

"Ubavu huu umebonyea," akasema. "Mpulizie kutoka chini, nywele ziinuke. Mimi huwa unanifanyia hivyo." Kisha akashtuka. "Brashi hiyo! Umewahi kuitumia kwangu?"

"Hapana, mama. Hii ilikuwa ya zamani, nilishaiweka kando."

"Iweke kando zaidi."

Brashi ikaenda kwenye pipa la taka. Panya akatoka pale mkavu, mwepesi, amefura kama unyoya, kichwa kina joto, pengine panya nadhifu kuliko wote waliowahi kukanyaga South Australia. Wakaenda wote watatu hadi kwenye sanduku la kioo. Glenys akamshika kwa koleo, akamtikisa kidogo.

Ulimi ukatoka. Ukatoka tena. Clarrie akainua kichwa, na kabla Thelma hajameza tonge lake, pa! Panya akawa ndani ya mizunguko ya mwili wa chatu, mkia tu ukionekana.

"Amekula!" Glenys akapiga makofi, machozi yanamtoka. "Amekula, jamani! Amekula chakula changu!"

"Anaanzia kichwani," Beryl akatangaza. "Ana adabu huyu."

Thelma alilitazama pasti lake, akalitazama tena, akaliweka kwenye mkoba. Kisha wakavuta viti wakakaa, wakamtazama Clarrie akimeza kwa utulivu, taya zikitanuka upande mmoja kisha mwingine, kama mama anayevaa gauni la miaka ya ujana. Glenys akachemsha chai. Wakazungumza habari za Lindsay, za mumewe Thelma aliyekataa kwenda kupimwa macho, wakacheka hadi kioo kikatetemeka.

Beryl ndiye aliyejishika kichwa. "Glenys! Rola zangu!"

Zilipofunguliwa, nywele zilikuwa zimejikunja kwa nguvu zote, zimesimama kila upande, kichwa kama kondoo kabla hajakatwa manyoya. Glenys akaomba radhi mpaka akaishiwa maneno, akakataa kulipwa. Beryl akaenda nyumbani amefunga kitambaa.

Jumapili alipiga kinanda hivyohivyo, wazi, bila kitambaa. Kwaya nzima ilimwambia amepungua miaka kumi. Jumatatu asubuhi simu ya saluni ikalia.

"Alhamisi saa nne," Beryl akasema. "Nataka zilezile. Na usimlishe yule bwana kabla sijafika."