Feni ya Mwalimu Kasiani

Mwalimu Kasiani, mstaafu wa Kibaha, aligeuza basi dogo kuukuu aina ya Coaster kuwa nyumba ya matembezi, na chini ya kitanda akapanga betri nne za sola. Alitaka chaji isishuke chini ya nusu. Lakini walipopiga kambi porini Vihingo, kila asubuhi ilikuwa imeshuka. Akamkataza mkewe, Benedikta, kusaga juisi, kisha hata kuwasha taa.

Siku ya tatu Benedikta aliinama kutafuta kandambili, akasikia mvumo.

"Baba Yona, feni hii inampepea nani?"

"Betri. Zisipate joto."

"Inatumia umeme wa wapi?"

Kasiani alikohoa. "Wa betri."

Aliichomoa, akamsihi asiwaambie wanakwaya wenzake. Kufika adhuhuri, kwaya nzima ilikuwa imempigia simu kumpa pole.