Alama Tatu za Bi Mgeni

Katika mtaa ule wa Gerezani, nyuma ya gereji, akifa mtu watu hawakuulizana nani aitwe. Mtu alitumwa kwa Bi Mgeni kabla hata vilio havijakolea. Miaka thelathini aliuza sanda katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba yake, na akifa mwanamke, yeye ndiye aliyemwosha. Alijua nani alikuwa na kovu la upasuaji na nani alificha uvimbe hadi mwisho, na hakumwambia mtu. Kwa hilo aliheshimiwa, na heshima hiyo aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Harusini walimweka nyuma. Msibani alikaa mbele, na huko ndiko alikojiona mtu.

Dukani kwake kulikuwa na desturi moja: hakuna aliyekaribishwa. Mnunuzi aliingia, akasema "mwanamke, mrefu", Bi Mgeni akapima kitambaa, akakichana kwa mkono, akafungasha pamba na ubani, akasema "poleni". Bango hakuwa nalo. Kuita wateja wa sanda ni kuwaombea watu kifo, ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo alivyoamini mpaka Anuari alipofungua duka lake karibu na Mnazi Mmoja.

Anuari aliuza kila kitu ndani ya begi moja lenye zipu. Alikuwa na namba ya simu iliyopokelewa saa zote, na waosha maiti wawili wa kike waliovaa makoti ya kijani. Mwaka ule nyumba nne mtaani kwa Bi Mgeni zilifiwa, na begi la Anuari likaingia katika tatu. Ya nne walimwita yeye kwa sababu mvua ilikuwa imefunga barabara. Njaa haikumtisha, maana wapangaji wa vyumba vya nyuma walimtosha. Kilichomuuma ni kusikia kilio nyumba ya tatu kutoka kwake, kukaa kitandani amejifunga kanga tayari, na mlango wake usigongwe.

Akamwendea Elieshi, binti wa watu wa Moshi aliyekuwa na meza ghorofani Kariakoo, juu ya maduka ya mawigi, akiwatengenezea wafanyabiashara matangazo ya mtandaoni.

"Shikamoo, mama. Unauza nini?"

"Marahaba. Sanda."

Elieshi hakucheka, tumsifu kwa hilo. Alifungua ramani kwenye kompyuta. "Mama, siku hizi hatutangazii Bongo nzima, ni kupoteza. Tunachora duara la kilomita moja. Tangazo linaingia kwenye simu za waliomo humo tu. Niambie wateja wako wanakaa wapi, mimi naweka alama katikati."

Hapo angeweza kusema weka dukani kwangu, yakaisha. Lakini wiki ile Bi Mgeni alikuwa ametoka kuwatazama wagonjwa, kama jirani mwema. Alibeba uji, akaketi kando ya vitanda, akawapapasa miguu kuona kama imevimba. Macho ya kazi yake hayakuwahi kumdanganya. Akagusa kioo cha kompyuta.

"Hapa, hii nyumba ya kona." Ilikuwa nyumba ya Husna, ambaye mama yake alikuwa kitandani mwezi wa pili sasa. "Na hapa, nyuma ya Mnazi Mmoja." Huko kulikuwa na mzee wa figo. "Na hili ghorofa la Kariakoo."

"Hao wote ni wateja wako?"

"Bado," alisema Bi Mgeni.

Elieshi alipoandika "Karibuni sana" mwishoni mwa tangazo, Bi Mgeni akamwambia alifute, dukani kwake neno hilo halitumiki. Akajiona ametunza adabu. Kilichobaki kilisomeka hivi: Sanda kamili kwa Bi Mgeni, za kike na za kiume. Tupo mtaani kwako, hatua chache tu kutoka mlangoni pako.

Husna alianza kuliona Jumatatu, akimlisha mama yake. Jumanne likarudi. Jumatano mama aliomba simu asikilize kisomo, na kabla ya kisomo likatokea tangazo. Mwili ulikuwa umekwisha lakini macho yalikuwa mazima. Akalisoma, akamrudishia binti yake simu.

"Mgeni ameshanichania kitambaa," alisema, na tangu saa ile hakumeza kitu.

Alikufa Ijumaa. Alikufa kwa saratani, tusimsingizie mtu. Husna naye alidhani tangazo lile linamfikia kila mtu mjini, akamwita Bi Mgeni, akamshikia maji wakati mama yake akioshwa. Bi Mgeni alitoka pale ameshukuriwa na wote, na moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha.

Wiki iliyofuata Elieshi aliitangaza kazi yake. Aliweka ile ramani kwenye ukurasa wake na kuandika: "Mteja wangu wa sanda. Alama tatu, siku tano, kaitwa kazini. Jua mteja wako anapolala." Husna aliikuza picha kwa vidole viwili mpaka akaona nyumba yake ya kona, na ile alama nyekundu juu ya bati la chumba cha mama yake. Aliwapelekea ramani wanawake wa mtaani, mmoja mmoja, na kila mmoja akatafuta paa lake.

Bi Mgeni akaanza kukuta wagonjwa wote wamelala. Uji ulipokelewa mlangoni, baadaye haukupokelewa. Nyumba moja walimruhusu aingie, na binti wa mgonjwa akavuta shuka haraka, akamfunika mama yake miguu. Misiba miwili ikapita, yote ya begi.

Kisha msiba ukafika kwake. Dada yake Maimuna, aliyekuwa akiishi naye na kuugua sukari, alikata roho Jumanne asubuhi. Sanda yake ilikuwa kabatini miaka mingi, kitambaa bora kuliko vyote alivyopata kuuza. Bi Mgeni alitandika mkeka na kuchemsha maji. Lakini maiti haioshwi na mtu mmoja, lazima awepo wa kumgeuza na wa kumimina. Akafungua mlango aite watu.

Husna alikuwa amesimama kibarazani na wanawake wa mtaa mzima. Mbele yao walikuwa wawili wenye makoti ya kijani, na begi.

"Sanda ninayo," alisema Bi Mgeni. "Nitamwosha mwenyewe. Ni dada yangu."

"Wewe leo ni mfiwa, Bi Mgeni. Mfiwa anakaa." Husna alimshika bega kwa upole, mbele za watu, akamkalisha kwenye mkeka. Makoti ya kijani yakapita ndani.

"Sijamtuma mtu bado. Mmejuaje?"

Husna alimwinamia kama mtu anayetoa pole.

"Tupo mtaani kwako," alisema. "Hatua chache tu kutoka mlangoni pako."

Pazia likashushwa, na ndani zipu ya begi ikafunguliwa.