Natuma Nikiwa Nimekaa

Jamani, hili jambo nimelikalia miaka mingi kwa sababu ni aibu tupu, na nikilisimulia leo msidhani nimepata ujasiri, ni kwamba nimechoka kulibeba peke yangu.

Mwaka 2014 nilikuwa Kasulu, afisa utumishi wa kampuni moja ya kununua asali na nta (afisa utumishi, karani na mtunza ufunguo wa choo, vyote mimi). Tulikuwa na vituo Kagerankanda, Kakonko na Mabamba, kila kituo na mtu wake mmoja wa kupima asali ya wafugaji nyuki. Makao makuu Dar wakatuletea mfumo mpya, kila mzigo ukipimwa taarifa yake itumwe kwa simu siku hiyo hiyo, na miezi michache baadaye wakaleta fomu: mfanyakazi aseme ameridhika vipi na mfumo, ana moyo gani na kazi, na kitu gani kinamkwamisha. Mimi nilitakiwa kuzipeleka kwa pikipiki, nikae na kila mtu, ajaze kwa mkono wake.

Sasa ilikuwa masika, na njia ya Mabamba mvua ikinyesha ni utelezi na matope hadi magotini, nikajiambia, kwani hawa watu siwajui? Nikakaa ofisini na chai yangu na chapati mbili, nikawajazia wote watatu. Wa Kakonko nikampa "naridhika", wa Kagerankanda "naridhika kiasi" (ili isionekane imepikwa, mnaiona akili hiyo), na Mama Yosefina wa Mabamba, kwa kuwa nilimpenda, nikampa "naridhika sana", na penye maoni nikamwandikia kabisa: "Mfumo umenirahisishia kazi. Siku hizi natuma nikiwa nimekaa." Wallahi nilijisifu kwa sentensi ile.

Wiki sita baadaye akaja mgeni wa makao makuu, dada mmoja mpole wa sauti ya chini, na watu wa vituo wakaitwa Kasulu. Mama Yosefina akaingia anachechemea, goti limefungwa kitambaa, akanipigia makofi yale ya salamu za Waha, wenyeji wa kule, taratibu, mpaka mwisho, huku akiniulizia watu wangu wa Tanga mmoja mmoja. Nikamuuliza goti lina nini. Akasema ni kilima. Kumbe pale kituoni kwake, karibu na mpaka, simu hushika mtandao wa Burundi na ujumbe hauendi, kwa hiyo kila jioni alikuwa anapanda kilima kutafuta mtandao wa kwetu, na mvua ikizidi anashindwa, taarifa zinalala siku tatu.

"Nilikuwa naingoja ile fomu tuliyoambiwa inakuja," akaniambia, "niyaseme yote humo."

Nikajifanya naenda kupanga viti.

Kikao kikaanza. Mgeni akasema Mabamba ndiyo inayochelewesha taarifa kuliko vituo vyote, na kama mfumo hauna tatizo, basi tatizo ni mtu. Akachukua fomu, akasoma kwa upole wake ule: "Siku hizi natuma nikiwa nimekaa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka (hapo ndipo ninapojichukia zaidi). Mama Yosefina hakucheka. Akaiomba karatasi, akaisogeza karibu na macho. Mwandiko wangu alikuwa anaujua vizuri, maana kila mwezi nilimwandikia kikaratasi nikimpelekea vitabu vya stakabadhi. Akanitazama, akairudisha mezani.

"Hii mimi sijawahi kuiona. Aliyeiandika yumo humu, atasema mwenyewe."

Nikasimama, kiti kikaanguka nyuma yangu, nikasema ni mimi, na zile mbili nyingine pia ni mimi. Meneja wetu wa Kasulu akainamisha kichwa. Hakuna aliyenitukana, na ingekuwa nafuu wangenitukana.

Mngedhani yaliishia hapo. Mgeni akaeleza kwamba majibu ya fomu yalishafika kwa wakubwa na uamuzi ulishapita: Mabamba inafungwa mwisho wa mwezi, asali ya kule itapelekwa Kibondo. Akaahidi kuwaandikia upya, na nasikia aliandika, lakini amri ya kumwachisha kazi Mama Yosefina ilitangulia, na barua yake niliichapa mimi, afisa utumishi, niliyepewa onyo tu na kubaki na kiti changu.

Alipokuja kukabidhi mizani alinipigia makofi yale yale, hakupunguza hata moja. Ilitakiwa barua ya makabidhiano, akasema miwani ameisahau nyumbani, nimwandikie. Nikashika kalamu, na kwa mazoea nikaanza: "Napenda kuushukuru uongozi..." Akaweka kidole juu ya karatasi.

"Ngoja kwanza niseme, mwanangu."

Akasema. Kilima, mvua, mtandao wa Burundi, goti, wafugaji nyuki wanaomgombeza kana kwamba mfumo aliuleta yeye. Nikaandika kila neno, karatasi tatu, nikamsomea, akatia sahihi, akaondoka akichechemea kwenda kutafuta gari la Kibondo.

Tangu siku hiyo simjazii mtu fomu, hata mke wangu akiniomba nimwandikie jina lake namuuliza kwanza analiandikaje. Zile karatasi tatu nilizituma Dar mwenyewe, na mpaka naondoka Kasulu hakuna aliyezijibu.